Syombua Arudi, Asirudi

Ukimtafuta Mwangangi hapa Kikima huna haja ya kuuliza mtu, fuata tu kelele ya grinda. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mrefu, mpole, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuacha kitu bila hadithi. Ukimwagiza geti la kawaida, la kuzuia mbuzi tu, atakuletea lenye ndege wawili wanaogombania samaki, na ukiuliza samaki ametoka wapi huku milimani, jitayarishe kukaa chini.

Mimi naitwa Kanyiva. Nina duka la dawa za mifugo na chakula cha kuku mkabala na karakana yake, na mdomo wangu unajulikana soko zima. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanilaumu mbele ya safari.

Mwangangi ndiye aliyebuni mchezo wa Vilima Tisa. Ni mchezo wa mezani, ila hauna kete wala karata. Watu wanakaa, kila mmoja anakuwa mtu wa kubuni mwenye jina na kazi na tabia zake, na mwendeshaji anawaambia walipo: mko njia panda, mvua inanyesha, kuna zimwi limelala juu ya daraja. Kisha anamgeukia mmoja na kumuuliza, “Wewe unafanya nini?” Ukisema jambo gumu, unatikisa maharagwe matano kwenye kikombe cha bati na kuyamwaga. Upande mmoja umepakwa rangi nyeusi iliyobaki kwenye mageti, wa pili ni mweupe. Meusi matatu kwenda juu, umefaulu. Chini ya hapo, shauri yako. Ni maharagwe kwa sababu Kasyoka, mkewe Mwangangi, anaimba kwaya kanisani na hakutaka kitu kinachofanana na kamari kiingie nyumbani kwake.

Na ni Kasyoka huyo aliyefanya mchezo ukawepo. Miaka kumi iliyopita aliteleza kwenye matuta ya shamba akavunjika mguu, wakamfunga plasta mpaka juu ya goti. Mwanamke ambaye hajawahi kukaa kitako tangu azaliwe! Ndani ya wiki moja alikuwa amegombana na redio, na paka, na mama mkwe. Mwangangi akaona nyumba inaungua bila moto. Jioni moja akavuta kiti karibu na kitanda, akasema, “Uko njia panda. Mbele kuna kilima. Unafanya nini?”

Kasyoka akamwangalia kama mtu aliyeingiwa na malaria. Halafu akasema, “Nauliza kwanza huko juu wanauza nini.”

Hapo ndipo alipozaliwa Syombua, mchuuzi wa kubuni, mwenye punda mmoja na ulimi wa kutosha watu kumi. Syombua hakupigana na mtu. Alizungumza. Alimshawishi zimwi wa kilima cha pili alipe ushuru wa kukaa njiani. Alimuuzia mfalme kofia yake mwenyewe. Majirani waliokuja kumwona mgonjwa walisahau kuondoka, na mimi ni mmoja wao. Mguu ulipopona watu walikuwa wameshazoea kuja kila Jumamosi. Mtu akapiga sheria chapa, mwingine akatoa nakala, mara tukasikia wanacheza Salama kule barabara kuu, mara Kanyangi upande wa Kitui. Salama mambo yalishikwa na Abdisalam, mwenye duka la magurudumu, na dadake Hibaq. Kanyangi kulikuwa na Nthiwa, mkulima wa ndengu, mtu wa kutuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri.

Basi mwaka wa nne Syombua akafa. Tulikuwa kwenye daraja la kamba, kilima cha sita, zimwi nyuma yetu. Kamba ikaanza kukatika, Syombua akasema ataishika sisi tuvuke. Wa mwisho kuvuka alikuwa Mwikali, mhusika wangu, mnene na mwoga kama mimi. Kasyoka akatikisa kikombe. Maharagwe yote matano yakaanguka meupe.

Tulipiga kelele sote. Tulimwomba Mwangangi amwachie arudie, mara moja tu, nani ataona? Mwangangi alikuwa amegeuka rangi, lakini akatingisha kichwa. Sheria yake ni moja tangu mwanzo: kilichoanguka kimeanguka, na aliyekufa amekufa. Kasyoka hakubisha. Aliinuka, akasema anaenda kuangalia chai, na tangu siku hiyo hajakaa tena kwenye meza ile.

Msielewe vibaya. Hawakugombana. Wanacheka pamoja, wanakwenda kanisani pamoja. Ila kila Jumamosi yeye yuko jikoni, dirisha wazi hata ule mwezi wa Julai wenye baridi ya kukata masikio, na hakuna neno la mezani linalompita. Anasikiza yote. Kukaa ndiyo hataki.

Sasa fikiria mtu huyo mwaka wa kumi unapofika, na dunia nzima, yaani Kikima, Salama na Kanyangi, imeingiwa na wazimu.

Kundi letu la WhatsApp halikulala. Vijana wa Salama walitaka kilima cha kumi, eti mwaka wa kumi bila kilima cha kumi ni wizi. Wazee wa Kikima wakauliza mchezo utaitwaje basi, na hapo matusi ya kiheshima yakaanza, watu wakajitoa kwenye kundi na kurudishwa kabla hawajakasirika vizuri. Abdisalam alitaka ngamia. Mhusika wake amevuka jangwa la kilima cha tano mara nyingi sana, kila mara kwa miguu.

“Msomali anatembea jangwa na miguu!” alisema kwa ujumbe wa sauti, tukasikia hata magurudumu yakidundishwa nyuma yake. “Watu wa kwetu wakisikia nitaambia nini wao? Mzee Mwangangi, mimi siombi gari. Naomba ngamia mmoja. Hata mzee. Hata mgonjwa.”

Lakini hayo yote yalikuwa kachumbari. Nyama yenyewe ilikuwa Syombua. Nthiwa alikuwa na ushahidi. Mwili haukuonekana. Chini ya daraja kulikuwa na mto, na mto ulikuwa na maji. Punda wa Syombua, alisema, hajawahi kulia msiba, na punda anajua. Alitoa hoja hizo kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, na sauti yake ikitetemeka kwa furaha, mpaka hata mimi, ninayejua kabisa kwamba hakuna punda, nikaanza kuamini. Niseme ukweli, nilitaka kuamini kuliko wote. Syombua alifia Mwikali wangu. Nilikuwa tayari kupigia kelele chochote.

Wiki mbili kabla ya sherehe Hibaq akatuma picha. Tisheti za manjano, rundo zima, maandishi makubwa kifuani: SYOMBUA ANARUDI. Hakuna aliyemuuliza Mwangangi. Tuliagiza zote siku hiyohiyo.

Yeye aliiona picha akiwa juu ya ngazi anapima mlango wa mtu. Akashuka, akavuka barabara, akaja kukaa juu ya gunia langu la chakula cha kuku wa mayai bila hata salamu.

“Kanyiva, hawa watu wananiua,” akasema.

“Si umrudishe tu, Baba Kioko! Watu wafurahi, tule mbuzi, twende nyumbani.”

“Nikimrudisha, kuna mtu ataogopa tena kutikisa kikombe? Mchezo umeisha hapo.” Akashika tama. “Na nisipomrudisha watanizika na hizo tisheti. Lakini hata si hao ninaogopa. Huu mchezo nilifanyia mtu mmoja. Huyo mtu yuko jikoni miaka sita. Nilikuwa nangoja hii sherehe, nasema labda hiyo siku atakaa. Sasa sijui nifanye nini ndio akae.”

Mimi si mtu wa kuweka maji mdomoni. Kesho yake nikaenda moja kwa moja kwa Kasyoka, nikamkuta anapepeta muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa.

“Mama Kioko, unataka Syombua arudi?”

Hakuinua macho. “Arudi aje? Atoke majini kama kiboko? Kanyiva, yule mwanamke alikufa vizuri. Alishika kamba mpaka nyinyi wote mkavuka. Bwanangu akijaribu kumrudisha na mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku, mimi huyo simjui.”

Miaka yote hiyo nilidhani anamkasirikia mumewe kwa sababu alikataa. “Sasa kwa nini hukai na sisi?”

Ungo ukasimama. “Nikae niwe nani? Mimi sijui kuwa mtu mwingine. Nilijaribu hapa jikoni, peke yangu. Kila nikifungua mdomo anaongea Syombua.” Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

Nikampelekea Mwangangi habari zote. Alinisikiliza, akashukuru, kisha akachomelea dirisha la mtu likiwa juu chini.

Jumamosi ya sherehe jua lilitoka kama limealikwa. Ua wa karakana, chini ya dirisha la jikoni kwao, ulikuwa umefungwa turubai, mageti ambayo hayajakamilika yameegemezwa ukutani, meza zimeungwa pamoja. Watu wa Kanyangi walifika asubuhi wakiimba. Abdisalam alichinja mbuzi mwenyewe ili wote tule sahani moja, na Hibaq alikuja na sufuria ya wali wenye harufu ya kusimamisha watu barabarani. Kila upande ulikuwa manjano. Nthiwa alivaa tisheti mbili, moja juu ya nyingine, eti moja ikichafuka. Jikoni, dirisha wazi, Kasyoka alikuwa anasimamia sufuria kubwa ya chai. Hakuna aliyethubutu kumpelekea tisheti.

Tulipokaa Mwangangi akavua miwani yake ya kazi, akaipangusa, akaanza. Jangwa la kilima cha tano. Joto. Mchanga. Na pale mbele, nyuma ya kichaka, kitu kinatafuna.

“Abdisalam,” akasema. “Kina shingo ndefu.”

Jamani! Abdisalam aliruka mpaka benchi likaanguka na watu wake wote. Alipiga kelele, akamkumbatia Nthiwa, akamkumbatia mtu asiyemjua aliyekuwa amekuja kuulizia geti. Akatikisa maharagwe ampande ngamia, akapata jeusi moja. Ngamia akamtemea mate akalala chini. Abdisalam akasema kwa machozi ya furaha kwamba huyo ndiye ngamia wa kweli, asibadilishwe.

Baada ya hapo hakuna kilichoweza kuwazuia watu. Walianza kupiga meza. “Syombua! Syombua!” Vikombe vikaruka. Mimi nilikuwa napiga kwa viganja vyote viwili, sikatai, ingawa nilijua niliyojua.

Mwangangi akainua mkono, wakanyamaza.

“Syombua alikufa,” akasema. “Na aliyekufa amekufa.”

Mguno uliotoka hapo ungeangusha ng'ombe. Nthiwa akaanza kuvua tisheti ya juu polepole, kama mtu anayevua nguo za harusi iliyovunjika.

“Ngojeni,” Mwangangi akasema, na sauti yake ilikuwa imeingiwa na wasiwasi. “Syombua aliacha msichana. Anaitwa Mwelu. Mwelu aliolewa kilima cha saba. Na leo asubuhi, huko kwa Mwelu, kuna mtoto amelia. Msichana. Mzaliwa wa kwanza.” Akatupia jicho dirisha la jikoni. “Na huyo mtoto ataitwa Syombua.”

Ua ukalipuka. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, amechukua nafasi ya mtu huyo. Mwangangi mwenyewe ana binti wa kakake mwenye jina la mama yake, na anamwita mwaitu, yaani mama yangu, na akimkosea anamwomba msamaha kama mama. Kwa hiyo Syombua amerudi na hajarudi! Nthiwa akavaa tisheti yake upya. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, na sijui nilipandaje.

“Uongo!”

Neno lilitoka dirishani. Likafuatwa na mlango kugonga ukuta, na mwiko wa chai, na Kasyoka nyuma ya mwiko.

“Baba Kioko, umesema ni mtoto wa kwanza?”

“Ndio.”

“Wa Mwelu? Mwelu ameolewa?”

“Ameolewa.”

“Sasa msichana wa kwanza anaitwaje jina ya mama ya bibi? Aiya! Mkamba mzima! Wa kwanza ni wa upande wa bwana. Wa pili ndio wetu. Mama ya bwana ya Mwelu anaitwa nani?”

Katika vilima vyote tisa, katika miaka kumi, Mwangangi hakuwahi kumpa yule mama mkwe jina. “Anaitwa... Mbithe,” akasema.

“Mbithe! Mbithe yuko hai, amelea kijana yake, amengoja mjukuu, halafu mnamnyang'anya jina juu watu wameprinti tisheti?”

Ua ukageuka baraza. Watu wa Kanyangi walisema Kasyoka ana haki. Watu wa Kikima walisema ni mchezo tu, wakazomewa na Kikima hiyohiyo. Hibaq akauliza kama huyo Mbithe hawezi kuombwa, akubali jina lake lingoje mtoto wa pili. Tukatazamana. Anaweza kuombwa. Lakini nani ataenda kumwomba? Mwikali wangu ni mwoga. Ngamia wa Abdisalam alikuwa bado amelala jangwani. Na jambo kama hilo si la mtu yeyote tu kwenda nalo, ni la mtu wa upande wa msichana.

Kasyoka alikuwa bado amesimama na mwiko, akidondosha majani ya chai kwenye viatu vyake. “Mimi nitaenda,” akasema.

Mwangangi akamwangalia. Nilimwona anavyoshika ukingo wa meza. Akauliza, taratibu kabisa, swali ambalo kila anayekaa pale huulizwa siku ya kwanza.

“Wewe ni nani?”

Kasyoka akatazama turubai, akatazama mwiko, akatazama tisheti zetu za manjano.

“Mimi ni Kalekye,” akasema. “Dada ya Syombua. Yule mdogo, mwenye hakuwa anaongea. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza kitu.” Na sauti haikuwa ya Syombua. Ilikuwa ya chini, ya aibu, mkaidi kidogo.

Mtu akamsogezea kigoda. Akakaa.

Niwaambie, nimekwenda harusini, nimekwenda mikutano ya siasa, sijawahi kucheka vile. Mwangangi akawa Mbithe, akabana sauti, akakunja mikono. Kasyoka akamletea sukari ya kubuni, akauliza habari ya mbuzi, habari ya magoti, habari ya mbuzi tena, haingii kwenye jambo lenyewe, mpaka Mbithe mwenyewe akachoka na kuuliza, “Kalekye, umekuja kufanya nini kwangu?”

“Nimesikia mtoto analia tangu alfajiri. Nikasema, hiyo sauti naijua.”

“Analia njaa.”

“Ananyonya, na bado analia. Mbithe, kwenu mnajua mtu anaweza kula na kuongea wakati mmoja? Kwetu alikuwa mmoja tu.”

Nthiwa alikuwa chini ya meza, anashikilia mbavu. Lakini Mbithe hakutikisika, akasema jina lake amelingoja maisha yote, na lilisemwa vizuri hata tukamwonea huruma. Mwangangi akasukuma kikombe cha bati mbele ya mkewe. “Tikisa.”

Kasyoka akatikisa. Akamwaga. Meusi mawili. Meupe matatu.

Kelele zilikatika kama redio iliyozimwa. Nilimwangalia Kasyoka nikakumbuka daraja. Ataenda tena kuangalia chai, nikasema, na safari hii hatarudi. Nyuma mtu akasema, “Arudie, ni sherehe.” Mwingine akaitikia. Na nikaona, kwa macho yangu haya, mkono wa Mwangangi, mtu wa sheria, ukitoka polepole kwenda kuyakusanya yale maharagwe ili ampe tena.

Kasyoka akaweka kiganja chake juu ya mkono ule.

“Wacha hivyo, Baba Kioko,” akasema. “Mbithe ameshinda. Mtoto ni Mbithe.” Akavuta kigoda karibu na meza. “Lakini mimi siendi nyumbani. Mzazi anataka mtu wa kumpikia uji, na mtoto wa pili lazima anikute hapa. Haya, endelea.”

Mwangangi hakuweza kuendelea. Ndipo harufu ya maziwa yaliyofurika ikatufikia kutoka jikoni, na sisi wote, kwa mazoea, tukamgeukia Kasyoka.

“Mnaniangalia nini?” akasema. “Mimi niko ugenini kwa Mbithe. Si mtu aende aangalie hiyo chai!”

Mwangangi ndiye aliyeinuka. Akaenda akikimbia, akajigonga kwenye geti la mtu, akaingia jikoni, na watu wa Kikima na Salama na Kanyangi tukakaa kumngoja mwendeshaji, Kasyoka akirudisha maharagwe kikombeni moja moja.